Rafiki za Ayubu na Ndege wa Mida



Katika Kitabu cha Ayubu, sura ya 12, aya ya 7 na ya 8, yako maneno ambayo watu hupenda kuyachapa katika kalenda, chini ya picha ya maua au ya twiga. Ayubu anawaambia rafiki zake waende wakawaulize wanyama, na ndege, na nchi yenyewe, na samaki wa baharini, nao watapata mafundisho. Mtu akiyasoma katika kalenda hudhani yamesemwa na mtu aliyeshiba, aliyekaa kivulini jioni akipunga upepo. Sivyo. Yamesemwa na baba aliyefiwa na watoto kumi kwa siku moja, wana saba na binti watatu, naye ameketi majivuni na majipu mwili mzima. Tena yamesemwa kwa hasira.

Basi tuangalie alikuwa akiwaambia nani. Rafiki hao walikuwa watatu, Elifazi Mtemani, Bildadi Mshuhi na Sofari Mnaamathi. Hawakuwa watu wabaya. Walitoka mbali, kila mmoja kwao, wakapatana njiani waje kumlilia mwenzao. Walipomwona walilia kwa sauti, wakararua nguo zao, wakaketi naye chini siku saba usiku na mchana. Katika siku hizo zote hawakufungua kinywa, maana walitambua ukubwa wa msiba. Hayo ndiyo matanga. Hata sisi watu wa pwani, tunaojua kukaa matanga, hatuna la kuwaongezea kwa siku saba zile.

Shida ilianza Ayubu alipoilaani siku ya kuzaliwa kwake. Hapo wakaona hawawezi kunyamaza tena, wakaanza kueleza. Elifazi akauliza ni nani aliyepata kuangamia naye hana hatia. Sofari akasema Mungu hata amempunguzia Ayubu adhabu aliyostahili. Bildadi ndiye aliyefika mbali kuliko wote: katika sura ya 8, aya ya 4, alimwambia baba huyu kwamba ikiwa watoto wake walimkosea Mungu, basi wamepata malipo yao. Msomaji atulie hapo kidogo. Makaburi kumi yangali mabichi, na mtu aliyekuja kufariji anasema neno kama hilo, tena kwa sauti ya mtu anayemtetea Mungu.

Twaandika haya kwa sababu ya msiba uliotupata mwaka jana wakati wa kusi. Mzee mmoja wa kanisa letu, mvuvi tangu utoto wake, alipoteza mwanawe wa pekee mwenye umri wa miaka 19, mwimbaji wa kwaya. Kijana alitoka peke yake nje ya mwamba na wavu mpya. Mtumbwi ulionekana siku ile ile, umepinduka. Yeye bahari ilimtoa siku ya tatu. Wavu haukuonekana tena. Jina hatutalitaja, ingawa wengi wenu mlikuwapo, na mzee mwenyewe ameturidhia tuandike.

Watu walikuja wengi, na jambo hilo twamshukuru Mungu. Kuni zilipatikana, unga ulipatikana, kina mama walilala pale siku zote. Lakini maneno nayo yalikuja mengi. Walikuwapo waliosema kazi ya Mungu haina makosa. Walikuwapo waliosema Mungu alimpenda kijana kuliko baba yake alivyompenda. Wengine waliuliza, kwa sauti ya chini lakini si ya chini vya kutosha, kama kijana hakuwa amekwenda baharini siku ya Jumapili. Ilikuwa Jumanne.

Na wengi walilitumia lile neno la sura ya kwanza, juu ya Bwana mwenye kutoa na mwenye kutwaa. Neno hilo ni kweli, nalo ni neno la imani kuu. Lakini angalieni ni nani aliyelisema. Alilisema Ayubu mwenyewe, juu ya watoto wake mwenyewe, akiwa amenyoa kichwa na kuanguka kifudifudi. Hakuna mtu aliyemwambia. Mfiwa akilisema ni sadaka, tena ni sadaka ya thamani sana. Jirani akimtangulia kulisema, amemnyang'anya mfiwa sadaka yake na kuitoa yeye, ambaye haikumgharimu kitu.

Mzee huyu hakumjibu mtu. Kila Jumapili alikuja, akaketi mahali pake, akapokea Komunyo. Lakini kwa muda wa miezi saba hakushuka majini. Mtumbwi wake ulilala juu ya mchanga chini ya mkungu, ukaanza kupasuka kwa jua. Kisha kaskazi ikaingia, na jioni moja, mwezi ukiwa umetoka kujaa, alikuja nyumbani kwa kasisi, akasimama mlangoni, asitake kuketi. Akasema, "Mchungaji, kesho nashuka Mida. Maji yanaanza kupwa saa kumi na nusu alfajiri. Mkitaka kuja njooni, lakini mje na midomo iliyofungwa. Kuna ndege."

Hatukumuuliza kama ni kwa ajili ya ndege tu. Tulikwenda watatu, kasisi, katibu wa halmashauri, na kijana wa kwaya aliyekuwa rafiki wa marehemu. Mzee akawa wa nne, akiwa nyuma na upondo wake.

Wale wasioupata mkono huu wa bahari tuwaeleze kidogo. Mida hauingiwi na mto wowote mkubwa. Maji yake ni ya bahari, yanaingia na kutoka kwa mlango mmoja karibu na Watamu, mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Wakati wa bamvua tofauti ya maji ya kujaa na ya kupwa hupita mita 3, na eneo kubwa lililokuwa bahari asubuhi huwa tope na majani kabla ya adhuhuri. Tangu mwaka 1968 mahali hapa pamekuwa katika hifadhi ya bahari ya Watamu. Pande zote pamezungukwa na mikoko, na penye njia ya mtumbwi twaona bado visiki vya zamani, vya siku zile boriti zilipohesabiwa kwa korija na kupakiwa majahazini kwenda Arabuni. Serikali ilikataza kuzipeleka nje mwaka 1982.

Tuliondoka saa kumi na mbili, kukiwa na mwanga lakini jua halijatoka. Maji yalikuwa yanashuka, basi hakuna aliyehitaji kupiga kafi kwa nguvu. Mtumbwi ulikwenda nayo. Tulipita kwanza penye mililana, ambayo husimama mbele kabisa kuelekea maji mengi, kisha mikoko yenyewe na mizizi yake iliyopinda kama miguu ya kaa. Juu ya matawi mbegu zao zilikuwa zimekwisha kuota zikingali mtini. Ndivyo mkoko ulivyo: hauangushi mbegu, huangusha mche, mrefu kama kalamu au zaidi, nao ukianguka maji yakiwa yamekupwa waweza kuchoma tope na kusimama hapo hapo. Ukianguka maji yamejaa huelea, ukachukuliwa mbali, na mama yake hajui umekwama wapi.

Majani ya mchu yalikuwa na chumvi juu yake, nyeupe, kama vumbi. Mti huu hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kwa majani. Kijana alilamba jani moja akakunja uso. Mzee alimwona, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi tuliona meno yake.

Jua lilipotoka tope lilianza kuonekana, kwanza mgongo mmoja, kisha mwingine. Kaa wadogo wakatoka mashimoni, wale ambao dume lake lina gando moja kubwa kuliko mwili wake, akilipunga juu na chini kama mtu anayeita mwenzake ng'ambo ya pili. Wakatoka na wale samaki wa matopeni wenye macho juu ya kichwa, wanaorukaruka nje ya maji kama vyura. Na nyuma yao wakaja ndege. Hapo tulielewa kwa nini tuliambiwa tufunge midomo. Yangeyange hakujali sana, wala furukombe aliyekaa juu ya mti mkavu. Lakini vile vijidege vya tope, visivyozidi ngumi ya mtoto, ambavyo vingine huzaliwa Siberia na kuja huku kila mwaka kukimbia baridi, kikohozi kimoja kilitosha kuviinua vyote mamia kwa mara moja. Katibu alikohoa. Vikazunguka angani, vikageuka pamoja, tumbo jeupe kisha mgongo wa kijivu, vikashuka mbali nasi. Baada ya hapo katibu alijiziba mdomo na kofia yake mpaka tulipofika.

Tulipoingia ndani zaidi tuliwaona wale ndege weupe wenye mgongo mweusi, miguu mirefu, na mdomo mweusi mnene kama koleo, ambao chakula chao ni kaa. Walikuwa kama 60, wakitembea juu ya tope taratibu, wakisimama, wakikimbia hatua tatu, wakichota kaa. Ndege hawa hawazaliwi kwetu. Huzaliana katika fukwe na visiwa vya Ghuba ya Uajemi, Oman na Bahari ya Shamu, na pwani ya Somalia, wakati wa joto kali kule. Huchimba shimo mchangani, na ndani ya shimo jike hutaga yai moja. Ni nadra mno kuwa mawili. Kinda likikua huruka pamoja na wazazi mpaka pwani yetu, na hata baada ya safari hiyo yote, likiwa limekwisha kuwa na ukubwa wa baba yake, bado humfuata likiomba, naye bado hulilisha. Wenye kujua habari za ndege husema ndege wengine wa matopeni karibu wote hawana desturi hiyo. Makinda yao hujitafutia wenyewe tangu siku za kwanza.

Mmoja alikuwa karibu nasi. Kinda lake, la rangi ya kijivu kidogo, lilimfuata limeinamisha kichwa, likilia kwa sauti nyembamba. Mkubwa akakamata kaa, akamng'oa miguu, akageuka, akampa. Akaenda tena. Kinda likamfuata tena.

Mzee aliuweka upondo ndani ya mtumbwi. Akaketi. Alitazama muda mrefu, na maji yalikuwa yanakwenda. Yeye ni mvuvi, anajua Mida kuliko ajuavyo ua wa nyumba yake, basi hatudhani kwamba hakuona. Tulisikia tope likikwaruza chini ya mtumbwi, kisha mtumbwi ukalala ubavu kidogo, tukawa tumekaa nchi kavu. Ilikuwa saa tatu na nusu. Maji yalikuwa na saa nzima bado ya kushuka, na baada ya hapo yalihitaji saa nyingine kuturudia. Hakuna lililowezekana. Tope la pale humeza mtu mpaka mapajani.

Basi tuliketi. Kwa muda hakuna aliyesema. Kisha mzee akaanza, akiwa amewaangalia ndege, si sisi. Alimtaja mwanawe kwa jina. Tangu siku ya maziko watu walikuwa wakisema "marehemu". Alisimulia jinsi kijana alipokuwa mdogo alivyoogopa kaa, akapandishwa mabegani kila walipovuka tope. Alisimulia siku alipopata wavu ule mpya, kwamba alilala nao. Alisema walikuwa wamegombana asubuhi ile, juu ya jambo dogo, juu ya mafuta ya taa. Alisema yale ya mafuta ya taa mara mbili. Akauliza, "Mungu alikuwa wapi?" Hakumuuliza kasisi, na kasisi hakujibu. Kijana wa kwaya alikuwa analia, naye mzee akamwekea mkono begani. Saa mbili zilikwenda hivyo.

Wako watakaosema hapo ndipo kasisi alipotakiwa kufungua Biblia. Twawajibu kwa Biblia hiyo hiyo. Bwana wetu alipofika Bethania alijua kwamba baada ya muda mfupi Lazaro atatoka kaburini. Kama yupo aliyekuwa na neno la kueleza ni Yeye, na kwa Martha alisema maneno machache, makuu. Lakini Mariamu alipoanguka miguuni pake akilia, Yohana katika sura ya 11 atuambia kwamba Yesu alilia naye. Naye Mtume Paulo, alipowaandikia Warumi juu ya wenye kulia, katika sura ya 12, hakuwaagiza wawaeleze. Aliwaagiza walie pamoja nao.

Tena tazameni jinsi Mungu mwenyewe alivyomjibu Ayubu. Sura 35 za maneno ya wanadamu zilipokwisha, Bwana alinena kutoka katika upepo wa kisulisuli, na msomaji anayetazamia kupewa sababu ya vifo vya watoto kumi hataipata. Mungu hakumweleza. Alimchukua, kama tungeweza kusema hivyo, akamtembeza. Alimwonyesha bahari ilivyowekewa milango na mpaka wa mawimbi yake. Alimwonyesha kunguru ambaye makinda yake humlilia Mungu kwa njaa, mbuzi wa majabali anapozaa mahali pasipo mtu, punda-mwitu, mbuni, mwewe na tai. Ni sura nne, na sehemu yake kubwa ni ya wanyama na ndege. Wengine wamesema jibu hilo ni kali, kwamba Mungu alikuwa akimnyamazisha mtu mdogo kwa ukuu wake. Sisi hatuoni hivyo. Mtu anayetaka kumnyamazisha mwingine hana haja ya kumwonyesha kinda la kunguru. Na Ayubu alipomaliza kuonyeshwa alisema kwamba hapo kwanza alikuwa amesikia habari za Mungu kwa sikio tu, lakini sasa jicho lake limemwona. Baadaye Mungu aliwakasirikia wale watatu waliomtetea, akasema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu, ambaye alikuwa amemlalamikia.

Jambo hili si geni katika Kanisa letu la pwani. Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa kwanza wa C.M.S. katika nchi hizi, alifika Mombasa mwaka 1844, na katika mwezi wa Julai mwaka ule ule alimzika mkewe Rosine na binti yao mchanga, upande wa bara kule Nyali, ng'ambo ya maji. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa homa. Kaburi liko mpaka leo, na wanaokwenda kulizuru husimama mahali ambapo maji ya bahari yanaonekana yakiingia na kutoka. Rabai, mahali alipoanza kazi pamoja na Rebmann mwaka 1846, palikuja baada ya kaburi hilo. Watu hukumbuka tarehe za shule na za majengo. Ni vizuri na tarehe hii ikumbukwe.

Maji yalirudi kama saa tano na nusu. Hayakuja kwa wimbi. Yalikuja kwa vijifereji, kama vidole, yakajaza nyayo za ndege, yakauzunguka mtumbwi, na kwa muda tulidhani hayatoshi. Kisha ukasimama wima, mzee akachukua upondo, akatusukuma.

Sasa liko jambo moja la mwisho katika Ayubu, ambalo halisomwi makaburini kabisa. Ni sura ya 42, aya ya 11. Ndugu zake wote na dada zake, na wote waliomjua zamani, walikuja nyumbani kwake wakala chakula pamoja naye, na kila mmoja akampa kipande cha fedha na pete ya dhahabu.  Walikuja baadaye, wakati matanga yalipokuwa yamekwisha na watu wengine wamerudi makwao, nao hawakuja mikono mitupu.

Mzee wetu amerudi kazini, lakini wavu wake ulipotea na mwanawe, na tangu hapo anavua kwa mshipi. Mtumbwi nao wahitaji kukalafatiwa kabla ya kusi kuingia. Halmashauri ya kanisa imekubali sadaka ya Jumapili ya mwisho wa mwezi huu iende kwa kununua nyuzi na vifaa. Wanaojua kufuma wavu waje Jumamosi, saa mbili asubuhi, chini ya mwembe wa kanisa, kila mtu na sindano yake. Kina mama wamekwisha kukubaliana juu ya chakula. Mzee atakuwapo, kwa kuwa ndiye ajuaye upana wa matundu unaotakiwa.